Changa Kabla Mtoto Hajaugua

Sisi watu wa Kiabakari tunajua kuchanga. Mtu akifiwa, kabla jua halijazama majirani wamekwisha fika. Huyu ameleta unga, yule ameleta kuni, mwingine maharage. Mtu mmoja amekaa chini ya mti na daftari. Anaandika jina na shilingi. Desturi hii hatukufundishwa na mtu yeyote wa ofisi. Tumeikuta kwa wazee wetu.

Leo nataka tuulizane swali moja. Kwa nini tunachanga upesi mtoto akifa, lakini tunasitasita mtoto akiugua? Nauli ya kumfikisha mtoto hospitali mara nyingi ni ndogo kuliko gharama ya msiba. Lakini nauli hutafutwa usiku, na mama peke yake, akigonga mlango mmoja baada ya mwingine. Saa zinapita. Mtoto anazidi kulegea.

Wazee wangu na mama zangu, mimi ni kijana wenu, mganga msaidizi. Sina fedha za kuwapa. Nina maneno machache juu ya jambo ambalo kijiji kinaweza kulifanya chenyewe.

HOSPITALI NYINGI ZIMEJENGWA KWA MICHANGO

Wako wanaosema: "Hospitali ni kazi ya serikali. Sisi tuchange nini?" Ni kweli, serikali ina wajibu mkubwa. Inaajiri waganga na wauguzi, inaleta dawa na chanjo. Kwa utaratibu wa nchi yetu, mtoto aliye chini ya miaka 5 hutakiwa kutibiwa bila malipo katika kituo cha serikali. Haki hiyo tuijue na tuidai kwa heshima.

Lakini tazama historia ya hospitali zenyewe. Mgonjwa wa Mara akizidiwa sana hupelekwa Bugando, Mwanza. Hospitali ya Bugando ilifunguliwa mwaka 1971. Waliohusika na kuijenga ni maaskofu wa Kanisa Katoliki, wakisaidiwa na shirika la Misereor la Ujerumani. Misereor ilianza mwaka 1958. Hukusanya michango wakati wa Kwaresima. Waumini wa kawaida hutoa sadaka kanisani, kila mmoja kwa uwezo wake. Basi mtoto wa Butiama akilala Bugando leo, analala katika jengo ambalo watu wa mbali walilichangia bila kumjua.

Nairobi iko hospitali ya watoto iitwayo Gertrude's. Ilianza mwaka 1947. Mtu mmoja, Ewart Grogan, alitoa kiwanja chake kwa ukumbusho wa mke wake, Gertrude. Entebbe, Uganda, ilifunguliwa hospitali ya upasuaji wa watoto mwaka 2021. Shirika la Emergency la Italia ndilo linaloiendesha, na watoto hupasuliwa bila kulipa. Kuta zake zimejengwa kwa udongo uliochimbwa papo hapo. Udongo tunaoukanyaga sisi kila siku umejenga hospitali!

Mbali zaidi, Memphis, Marekani, iko hospitali ya watoto ya St. Jude. Ilifunguliwa mwaka 1962. Familia hazilipi matibabu, kwa sababu watu wengi huichangia kidogo kidogo. Na hapa nchini, shirika la Tumaini la Maisha hukusanya michango ili watoto wenye saratani watibiwe Muhimbili bila familia zao kulipa.

Habari hizi zinatufundisha mambo mawili. Kwanza, michango mingi ilikuwa midogo. Pili, waliochanga hawakungoja mtoto fulani augue. Walichanga kabla.

DAWA YA BURE HAIMFUATI MTOTO NYUMBANI

Ndugu msomaji, matibabu ya bure hayana faida kama mtoto hakuyafikia. Hapo ndipo sisi wanavijiji tunapohitajika.

Kiabakari iko kandokando ya barabara kuu, kati ya Bunda na Musoma. Anayekaa karibu na barabara ana nafuu. Lakini wako wengi wanaokaa ndani, ambako mvua ikinyesha hata pikipiki hukwama. Hospitali ya rufaa ya Mwalimu Nyerere iko Kwangwa, Musoma. Bugando ni mbali zaidi, zaidi ya kilomita 150 kutoka kwetu.

Chukua mfano wa malaria. Vijidudu vya malaria huingia katika chembe nyekundu za damu na kuzivunja. Kwa mtoto mdogo, damu inaweza kupungua sana kwa siku chache. Viganja vyake huwa vyeupe. Anahema kwa shida. Mtoto huyo anahitaji damu, tena siku hiyo hiyo. Mganga wa zahanati atampa dawa ya kwanza na kuandika barua ya rufaa. Lakini barua haina miguu.

Hapo yanahitajika mambo matatu:

1. Chombo cha kumsafirisha.
2. Damu ya kumwongezea.
3. Chakula na mahitaji ya mama atakayekaa naye wodini.

Mambo hayo matatu kijiji kinaweza kuyachangia.

Pengine utasema: "Si kuna namba 115?" Ndiyo, ipo. Mpango wa m-mama huleta usafiri wa dharura, na simu ya 115 hailipiwi. Itumieni. Lakini mpango huo umewekwa kwa ajili ya mama mjamzito, mama aliyejifungua na mtoto mchanga. Mtoto wa miaka 2 au 3 mwenye degedege anabaki mikononi mwetu.

Upo pia ugonjwa unaohitaji nauli si mara moja, bali mara nyingi. Ni uvimbe wa taya wa watoto. Mwaka 1958 Daktari Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Kampala, aliandika habari zake, na ugonjwa ukaitwa kwa jina lake. Huwapata zaidi watoto wa sehemu zenye malaria nyingi, kama zetu za kandokando ya Ziwa Victoria. Kwa miaka mingi hospitali ya Shirati, wilaya ya Rorya, imewatibu watoto wenye uvimbe huo. Uvimbe huu hukua haraka sana, lakini ni saratani inayotibika. Mtoto akifika mapema na kumaliza dawa zote, ana nafasi nzuri ya kupona. Shida ni kwamba dawa hutolewa kwa awamu, na huchukua wiki nyingi. Mzazi huenda mara ya kwanza na mara ya pili. Uvimbe unapungua, nauli nayo inaisha. Anabaki nyumbani. Kisha uvimbe unarudi. Mtoto huyo angeweza kuokolewa na nauli ya safari zilizobaki.

MCHANGO WA KWANZA: DAMU

Mchango huu hauhitaji shilingi. Maskini na tajiri wana damu sawa.

Anayeweza kutoa damu ni mtu mwenye umri wa miaka 18 hadi 65, mwenye afya njema na uzito wa kilo 50 au zaidi. Mwanamume anaweza kutoa kila baada ya miezi 3. Mwanamke kila baada ya miezi 4. Mama mjamzito na anayenyonyesha asitoe. Kabla ya kutoa utapimwa. Damu yenyewe itapimwa pia, ili isimpe mtoto ugonjwa mwingine. Mwili wako utairudisha damu uliyotoa.

Chupa moja ya mtu mzima ni nusu lita hivi. Mtoto wa kilo 10 huhitaji kama mililita 200 tu. Kwa hiyo chupa moja inaweza kuwafaa watoto wadogo wawili.

Sasa sikiliza jambo hili kwa makini. Damu haikai sana. Hata ndani ya jokofu hudumu kama siku 35 tu. Tena watoaji wengi wa damu nchini ni wanafunzi wa sekondari. Shule zikifungwa mwezi Juni, damu hupungua. Na Juni ni baada ya mvua za masika, wakati mbu wamezaliana na malaria imeongezeka. Damu inapungua wakati ule ule watoto wanapoihitaji zaidi.

Hivyo basi, kijiji chenye akili hakiendi chote siku moja. Kigawane zamu. Kundi la kwanza litoe Machi, la pili Juni, la tatu Septemba, la nne Desemba. Mwombeni mganga wa kituo chenu awasiliane na watu wa Damu Salama. Na mkumbuke: damu haiuzwi. Mtu akikudai fedha kwa chupa ya damu, toa taarifa kwa mganga mfawidhi au kwa serikali ya kijiji.

MCHANGO WA PILI: NAULI

Tufanye hesabu. Tuseme kijiji kina kaya 200. Kila kaya ikitoa shilingi 500 kwa mwezi, tunapata:

200 × 500 = 100,000 kwa mwezi.
100,000 × 12 = 1,200,000 kwa mwaka.

Hakuna kaya iliyouza mbuzi. Hakuna aliyekopa. Lakini kijiji kina shilingi 1,200,000 za kuwasafirisha watoto.

Asiye na fedha kila mwezi atoe wakati wa mavuno. Mahindi, mtama, muhogo mkavu, vyote vinauzika. Anayelima pamba atoe baada ya kuuza. Mwenye pikipiki anaweza kujitolea safari moja kwa mwezi, alipwe mafuta tu. Hilo nalo ni mchango, na liandikwe.

Vikundi vingi vya kuweka na kukopa tayari vina mfuko wa jamii ndani ya sanduku. Msianze jambo jipya kama la zamani linatosha. Kikundi kinaweza kutenga sehemu ya mfuko huo kwa nauli ya watoto wagonjwa.

MCHANGO WA TATU: MAHITAJI YA WODI

Wengine hupenda kupeleka zawadi katika wodi ya watoto. Ni jambo jema. Lakini uliza kwanza. Mwendee mganga mfawidhi au muuguzi wa wodi, umwulize: "Mnapungukiwa na nini?"

Mara nyingi vinavyohitajika ni vitu vya kawaida: sabuni, ndoo zenye bomba za kunawia mikono, mashuka, vyandarua, vitenge safi vya kumfunga mtoto njiti kifuani mwa mama yake. Mtoto njiti hupata joto la mama, naye hunyonya vizuri. Mama anayeuguza anahitaji kula. Unga, maharage na kuni vitamsaidia asiondoke kabla mtoto hajapona.

Nguvu zetu pia ni mchango. Wazee wetu wana risaga, kazi ya kusaidiana. Kwa msaragambo tunaweza kusomba mawe, mchanga na maji ili kijengwe kibanda cha kupikia cha mama wanaouguza, au choo chao. Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, vikundi vya watu wazima vilisikiliza redio, vikasoma vitabu, kisha vikaenda kuchimba vyoo nchi nzima. Hawakusubiri fundi kutoka mjini.

Viko na vitu visivyofaa kupelekwa. Usipeleke dawa zilizobaki nyumbani, wala dawa ulizonunua mwenyewe. Usipeleke maziwa ya kopo na chupa za kunyonyea bila kuulizwa. Chupa chafu huleta kuharisha, na kuharisha huua watoto.

DAFTARI NDILO MLINZI WA MFUKO

Nimesikia watu wakisema: "Tulichanga zamani, fedha zikaliwa." Siwalaumu. Mchango ulioliwa huua michango mingine kumi. Dawa ya ugonjwa huo ni daftari linalosomwa mbele ya watu wote.

Hapa ndipo elimu yako inapofanya kazi, ndugu msomaji. Wewe uliyejifunza kusoma ukubwani, usiseme kusoma kwako ni kwa barua na gazeti tu. Anayejua kusoma anaweza kukagua hesabu. Asiyejua kusoma hulazimika kuamini tu.

Fanyeni hivi:

Kwanza, mkutano mkuu wa kijiji ukubali. Mchango uwe wa hiari. Msitumie mgambo.

Pili, chagueni watu watatu wanaoaminika, na wanawake wawemo. Mmoja aandike daftari. Mwingine atunze sanduku. Wa tatu atunze risiti. Sanduku liwe na kufuli tatu, na kila ufunguo ukae nyumba yake. Fedha zikiwa nyingi, ziwekwe benki au katika akaunti ya kikundi, na asiwepo mtu mmoja anayeweza kuzitoa peke yake.

Tatu, dharura haingoji mkutano. Kubalianeni mapema kiasi ambacho watu hao watatu wanaweza kukitoa usiku, kikao kikafuata baadaye.

Nne, kila mwezi daftari lisomwe kwa sauti. Jina la mtoto na ugonjwa wake si lazima visomwe. Inatosha kusema "mtoto wa kitongoji fulani". Ugonjwa ni siri ya familia.

Tazama mfano huu wa ukurasa wa daftari:

Machi 1. Salio la mwezi uliopita: 85,000.
Machi 3. Zimeingia, kaya 40: 20,000. Salio: 105,000.
Machi 9. Zimetoka, nauli ya mtoto na mama kwenda Musoma: 30,000. Salio: 75,000.
Machi 20. Zimeingia, mahindi debe 2 yameuzwa: 24,000. Salio: 99,000.

Chukua kalamu uhakikishe. Je, hesabu ni sahihi? Kama umeweza kuikagua hii, unaweza kuukagua mfuko wa kijiji chako.

Mkitoa mchango kwa hospitali au zahanati yenyewe, daini risiti. Kama ni vitu, viandikwe kwenye kitabu cha kupokelea, na mpewe nakala. Zahanati na vituo vya afya vya serikali vina kamati ambazo wajumbe wake wengine huchaguliwa kutoka kwa wananchi. Mjueni mjumbe wenu. Mwulizeni.

ASIYECHANGA, MTOTO WAKE ASAIDIWE?

Swali hili litazuka katika kila mkutano. Litaleta maneno makali. Mtu atasimama aseme: "Mimi nimechanga miezi sita. Jirani yangu hajatoa hata senti. Leo mtoto wake anaugua. Kwa nini atumie fedha yangu?"

Swali lake ni la haki. Tusimzomee. Lakini mimi nawaomba tufikiri hivi. Aliyekataa kuchanga ni baba. Anayeugua ni mtoto. Mtoto wa miaka 2 hakukaa kwenye mkutano, hakukataa, hajui shilingi ni nini. Tukimwacha afe ili kumfundisha baba yake, tumemfundisha nani? Baba atazika. Sisi tutachanga msiba.

Kwa hiyo asafirishwe kwanza. Akipona, baba aitwe na wazee. Azungumze nao kwa adabu. Kama alikuwa na uwezo, alipe kidogo kidogo. Kama hakuwa nacho, basi asombe mawe au atoe damu. Mjane, mzee asiye na msaada, na mtu mwenye ulemavu asiyeweza kazi, hao wasidaiwe kitu. Mfuko ni kwa ajili yao pia.

Yafaa jambo hili liamuliwe mapema na kuandikwa ukurasa wa kwanza wa daftari. Likiachwa mpaka usiku wa dharura, litaamuliwa kwa hasira.

USINGOJE

Mfuko hauwezi kumsaidia mtoto aliyefichwa nyumbani. Mpeleke mtoto kituoni mara moja ukiona dalili hizi:

– Hawezi kunyonya wala kunywa.
– Anatapika kila kitu.
– Amepata degedege.
– Amelegea sana au hajitambui.
– Anahema haraka au kwa shida.
– Viganja vyake vimekuwa vyeupe.
– Ana uvimbe wa taya au wa tumbo unaokua.

Degedege halitibiwi kwa moshi wala kwa kuchanja. Usimtie kitu mdomoni. Mlaze ubavu na uondoke naye. Mganga ndiye atakayetafuta sababu yake.

Ndugu msomaji, pale kwetu palikuwa na mgodi wa dhahabu. Ulifungwa miaka ya 1960, watu wakabaki. Watoto wetu ndio mali isiyofungwa. Mwezi huu, kabla mvua hazijaharibu njia, ulizeni katika mkutano wa kijiji: mfuko wetu wa watoto uko wapi? Kama haupo, mtu mmoja alete daftari.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chenu, mtoto akizidiwa saa 8 za usiku, nani ana chombo cha kumsafirisha? Namba yake mnayo?
2. Ni watu wangapi katika kikundi chenu wanaoweza kutoa damu? Nani atatoa mwezi Juni?
3. Kaya zenu ni ngapi? Kila moja ikitoa shilingi 500 kwa mwezi, mtapata kiasi gani kwa mwaka?
4. Mtamfanyia nini mtu asiyechanga? Andikeni uamuzi wenu.
5. Nani atasoma daftari mbele ya watu, na nani atalikagua?